Mgeni wa Njia, Mkimbizi na Mlowezi: Uhakiki wa Vitabu Viwili na Maneno Machache

Msafiri atokaye Tabora kwenda kusini hupita Sikonge, kisha huingia katika msitu wa miombo hata afike Ipole. Hapo barabara hugawanyika mikono miwili. Mmoja huelekea Rungwa na kuendelea mpaka nchi ya Mbeya. Wa pili hushika magharibi, huvuka Koga, na kufika Mpanda. Ipole haikutajwa sana katika vitabu, na watu wa pande hizo wajulikana kwa asali na tumbaku zaidi kuliko kwa habari za vita. Lakini mtu atakaye kujua jinsi lugha yetu ilivyomtaja yule aliyekuja kutoka mbali hatapata mahali pafaapo zaidi pa kusimama. Nyuma yake iko Tabora, mji ambao karne ya kumi na tisa ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Mbele yake, katika mkono wa Mpanda, yako Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 na 1978 kwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Ndugu yao wa kwanza, Ulyankulu, yuko upande mwingine, kaskazini-magharibi ya Tabora.

Basi barabara hii moja yaunganisha enzi mbili za wageni, na kila enzi ina kitabu chake. Enzi ya misafara inacho kitabu cha Tippu Tip, Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Enzi ya makazi inacho kitabu cha Bibi Liisa Malkki, Purity and Exile, kilichochapwa Chicago mwaka 1995, baada ya utafiti alioufanya Mishamo na katika mji wa Kigoma miaka ya 1985 na 1986. Nakusudia kuvisoma pamoja. Najua kwamba wako watakaoona ajabu kuweka kitabu cha mfanya biashara wa pembe na watumwa kando ya kitabu cha mtaalamu wa chuo kikuu; lakini vyote viwili vyajibu swali moja, nalo ni hili: mtu aliyetoka kwingine hupata kwa njia gani haki ya kukaa? Na swali hilo, katika nchi zetu za Maziwa Makuu, limejibiwa mara nyingi mno kwa panga na moto.

Nianze na Tippu Tip. Wasomaji wa jarida la namna hii hawana haja ya kuelezwa safari ya maandishi yake: jinsi yalivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yakachapwa na Mdachi Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini, kisha yakatolewa upya na Bwana W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mengi yamesemwa juu ya ufasaha wake, nami siongezi. Neno langu ni juu ya jambo moja ambalo wasifu wengi hulipita kama kichekesho.

Katika safari zake za magharibi ya Ziwa Tanganyika, Tippu Tip alipata habari za nchi ya Utetera, ambayo mtawala wake mzee, Kasongo Rushie, aliwapoteza dada zake wawili waliochukuliwa mateka miaka mingi nyuma. Tippu Tip akajitokeza na kusema kwamba mmoja wa dada hao ndiye bibi yake. Akataja majina, akafuma nasaba. Mzee akamkubali kuwa mjukuu aliyerudi, akampa nchi yote na kodi ya pembe. Mwandishi haeleweki kuwa anatubu wala kuwa anajivuna. Asimulia kwa sauti ile ile anayotumia kuhesabu frasila za pembe. Utulivu huo ndio ustadi wa kitabu, na ndio unaompa msomaji baridi ya mwili.

Tazama kilichotendeka. Mgeni mkuu kupita wote, mtu wa Unguja mwenye damu ya Oman na Mrima, aliingia katika nchi asiyoijua na kwa hadithi moja akawa mwenyeji, tena mwenyeji wa juu. Hakuna aliyemwuliza hati. Nyuma ya hadithi walisimama watu wenye bunduki, na bunduki ni shahidi ambaye hakimu hamkatizi. Baba yake alitenda jambo la jinsi hiyo huko Unyanyembe kwa njia ya upole zaidi: alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Waarabu waliolowea Tabora walipogombana na mtemi aliyefuata, Mnywa Sere, walimfukuza katika nchi yake karibu na mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Wageni walimfukuza mwenyeji, na lugha ya kitabu haioni hapo jambo la kushangaza.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kudhani kwamba njia ile ilikuwa na wageni wa bunduki tu. Wamanyema waliletwa kutoka Kongo, wengi wao utumwani, wakabaki Ujiji na Tabora, na leo hapana atakayethubutu kusema kwamba Ujiji ni Ujiji bila wao. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wageni wa watu kila mahali. Walikwenda pwani kwa mizigo na wengine hawakurudi. Msiri, mtu wa Usumbwa, alikwenda Katanga akafanya ufalme, akauawa na mjumbe wa Wazungu mwaka 1891, na watu wake, Wayeke, wako huko mpaka leo. Hata jina la Wanyamwezi walipewa na watu wa pwani kwa sababu ya upande waliotoka. Katika njia hiyo ndipo ulipokomaa utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, na yafaa tuutazame utani kwa jicho la mhakiki. Ni sanaa ya matusi iliyowekewa kanuni, na kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba aliyetukanwa ana haki ya kujibu papo hapo. Mgeni aliitwa kila jina, naye akarudisha majina mawili. Nitalihitaji jambo hili mbele.

Sasa tuingie katika makazi. Mauaji ya Burundi yalianza baada ya maasi ya tarehe 29 Aprili 1972, ambayo yaliwaua Watutsi wengi kusini mwa nchi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac. Jeshi la serikali lilijibu kwa kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wachungaji wa makanisa, hata askari wenzao. Wengi wakadiria kwamba waliouawa walizidi 100,000. Waliokimbia walivuka mpaka na kukaa karibu na ndugu zao wa Kigoma, na mwaka 1973 jeshi la Burundi likavuka nyuma yao na kushambulia vijiji ndani ya Tanzania. Tangu hapo serikali ya Tanzania iliona heri kuwapeleka wakimbizi ndani ya nchi, mbali na mpaka, katika misitu yenye mbung'o na watu wachache. Huko walikata miti, wakachimba visima, wakalima mahindi, maharagwe na tumbaku. Hawakuruhusiwa kutoka bila kibali cha maandishi. Naye aliyepewa kibali akasafiri kutoka Mpanda kwenda Tabora kwa gari alipita Ipole, karatasi mfukoni, katika nchi ambayo kodi ya tumbaku yake iliilisha.

Jina la serikali kwa mahali hapo lilikuwa makazi. Jina la watu wenyewe lilikuwa, mara nyingi, kambi. Tofauti ya maneno hayo mawili yatosha kuwa somo la mwaka mzima. Maana makazi hutoka katika kukaa, na kambi ni mahali pa kungoja kuondoka.

Kitabu cha Bibi Malkki kilisikia ngoja ngoja hiyo vizuri kuliko kitabu chochote nikijuacho. Aliwasikiliza watu wa Mishamo wakisimulia, na akagundua kwamba habari zao zilikwisha kuwa kitu kimoja kikubwa, chenye mwanzo na daraja zake, mithili ya utenzi usio na vina: jinsi nchi ilivyokuwa ya Watwa na Wahutu hapo kale, jinsi Watutsi walivyokuja kutoka kaskazini, jinsi walivyowanasa wenyeji kwa zawadi ya ng'ombe na maziwa, mpaka ikafika mwaka 1972. Akaenda Kigoma mjini, akakuta Warundi wa mwaka ule ule wa 1972 ambao hawakuwa na simulizi hilo. Hao waliishi mitaani, wakaoana na Waha na wengineo, wakaitika majina mengine, na walipoulizwa ni watu gani walijibu kwa kadiri ya siku na muulizaji. Hoja ya mwandishi ni kwamba kambi yenyewe ndiyo iliyowafanya watu wa Mishamo wawe taifa lililo uhamishoni, ilhali mji uliwafungulia wengine mlango wa kuwa watu tu.

Hoja hii ni nzuri, na sehemu kubwa ni kweli. Hata hivyo nina mashitaka mawili juu ya kitabu hiki, na la kwanza si kosa la mwandishi hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1997, miaka miwili baada ya kitabu kuchapwa, askari wa Tanzania waliwakusanya Warundi waliokaa nje ya kambi katika mkoa wa Kigoma na kuwapeleka kambini kwa maelfu. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa miaka mingi, wenye wake wenyeji, mashamba na watoto. Katika mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, katika Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu wakaondoshwa au wakaondoka kwa hofu kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, na wako waliozaliwa Tanzania na wasioujua mji wowote wa ng'ambo. Basi ule mlango wa mji aliousifu Bibi Malkki ulikuwa mlango usio na komeo la ndani. Aliyejificha katika jina la jirani yake alipatikana siku jirani alipoulizwa. Wa kambini walikuwa na jina baya, lakini lilikuwa jina lililoandikwa. Na ni wao, watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliopewa mwaka 2007 hiari ya kurudi au kuomba uraia. Yapata watu wanne katika kila watano waliomba kubaki. Zaidi ya 162,000 wakakubaliwa mwaka 2010, kisha wakaambiwa wahame makazi waliyoyafyeka na kutawanyika mikoani. Shauri hilo likakwama, hati zikangojwa, na mwaka 2014 zikaanza kutolewa kwao pale pale walipo. Serikali nyingine duniani hazikufanya jambo kubwa kama hilo, nalo lastahili sifa bila kusitasita. Lakini nataka msomaji aone kwamba historia imegeuza hesabu ya kitabu juu chini.

Shitaka la pili ni letu sisi. Masimulizi ya Mishamo yamechapwa kwa Kiingereza. Watu wale waliishi katika bahari ya Kiswahili. Waliomba kibali kwa Kiswahili, waliuza tumbaku kwa Kiswahili, watoto wao walisoma shule za msingi kwa Kiswahili. Na kitabu kikubwa juu yao mkulima wa Katumba hawezi kukisoma, wala mwanafunzi wa Sikonge hawezi. Tippu Tip, aliyeuza watu, tunaye neno kwa neno katika lugha aliyoiandika. Waliouzwa na waliokimbia tunao kwa mdomo wa mkalimani. Sidhani kwamba fasihi yetu imepata kujiuliza vya kutosha kwa nini iko hivyo.

Labda sababu moja imo katika maneno yenyewe. Chukua neno mkimbizi. Kiswahili huunda majina ya watenda kwa njia zaidi ya moja. Akimbiaye uwanjani kwa mashindano twamwita mkimbiaji. Aliyekimbia vita twamwita mkimbizi, kwa umbo lile lile la mlinzi, mjenzi, mlezi na mwizi, yaani umbo la mtu ambaye kitendo kimekuwa kazi yake au tabia yake. Kukimbia kutoka Rumonge hata Kigoma ilikuwa kazi ya siku chache katika Mei au Juni ya mwaka 1972. Sarufi ikaifanya kazi ya maisha. Zaidi ya hayo, ikawa mali ya kurithiwa: mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1980, ambaye hajakimbia kitu chochote ila labda nyuki, aliitwa mkimbizi, na mwanawe aliyezaliwa mwaka 2005 aliitwa mkimbizi. Mjukuu wa mjenzi haitwi mjenzi mpaka ajenge.

Neno la pili ni mlowezi, na safari yake ni ya ajabu zaidi. Mzizi wake ni kulowea, kitenzi chema cha kale, chenye maana ya kukaa mahali mpaka ukapazoea nako kukakuzoea. Nimekitumia juu kwa Waarabu wa Tabora na hapana msomaji aliyeshtuka. Katika siku za kudai uhuru kitenzi hiki kilizaa jina, nalo likawekwa juu ya Wazungu wa mashamba ya Kenya na baadaye wa Rhodesia: walowezi, watu waliotwaa ardhi kwa sheria waliyoitunga wenyewe. Lilikuwa neno la haki kwa jambo la dhuluma. Kisha, baada ya miaka, twalikuta katika lugha ya ofisi za mikoa ya magharibi likimtaja mkulima wa mihogo aliyevuka mpaka na mke na jembe na kukaa miaka thelathini. Neno limebaki na hasira yote iliyokusudiwa kwa bwana wa ekari elfu, na sasa laitua juu ya mtu wa ekari mbili. Watunga kamusi hawana budi kulitazama. Fasili isemayo kwamba mlowezi ni mtu aliyehamia na kukaa ni sahihi kwa mwili wa neno, lakini haisemi neno hilo limepigwa na nani wala juu ya nani.

Hata heshima ya mwaka 2014 ilikuja na kivumishi. Waliopata hati waliitwa raia wapya. Kwa mwezi wa kwanza ni neno la furaha. Nauliza tu upya huo huisha lini, kwa kuwa nguo mpya huacha kuwa mpya ikifuliwa mara mbili.

Yawezekana mtu akajibu kwamba nakuza mambo. Maneno hayavunji mfupa, na Tabora haikuona mauaji ya wakimbizi. Ni kweli haikuona, na sifa ya nchi hiyo isipunguzwe. Ardhi ilikuwa tele, siasa ya wakati ule ilitaka watu wote wakae vijijini, wazawa na wageni, na serikali haikuwaachia viongozi wa wilaya nafasi ya kufanya ukabila kuwa mtaji. Lakini watu wa barabara ya Ipole walio wazee wana mfano mwingine karibu yao. Magharibi ya Mpanda, katika vilima vya Mwese, walikaa tangu mwaka 1964 Wanyarwanda wasiotoka Rwanda moja kwa moja. Hao walikwisha kukimbia Rwanda baada ya mwaka 1959 na kupokewa Kivu, huko Kongo. Kisha wenyeji na watawala wa Kivu wakawageukia katika vita vya miaka ya 1963 hata 1965, vilivyowapiga watu wote wenye kusema Kinyarwanda bila kuuliza aliyekuja jana na aliyekuwapo tangu babu. Ikabidi waondolewe na kuletwa Tanganyika. Hapo Kivu, na si Burundi, ndipo mtu anapoona kwa uwazi namna lugha inavyotangulia panga.

Maana Kivu iliandika majina katika sheria. Sheria ya mwaka 1972 ilisema kwamba waliotoka Rwanda na Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 ni raia. Sheria ya mwaka 1981 ikafuta, ikataka nasaba iliyokuwako nchini tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo mzee yeyote wa kijiji hawezi kuitolea shahidi. Kwa kalamu moja jirani akawa mgeni. Mwezi Machi 1993 soko la Ntoto likashambuliwa, na mauaji yakaenea Masisi. Watutsi wa milima ya Kivu ya Kusini walikwisha kuona hatari ya majina. Wakaliacha jina la Banyarwanda na kujiita Banyamulenge, kwa mahali walipokaa, Mulenge, ili jina lenyewe liseme kwamba wao ni wa hapo. Ni jibu la kishairi, na ni jibu la watu waliobanwa. Halikuwaokoa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba nchini Burundi, karibu na mpaka wa Kongo, wakimbizi wa Banyamulenge zaidi ya 150 waliuawa kwa risasi na moto ndani ya mahema. Kundi la Wahutu la FNL lilitangaza kwamba ndilo lililotenda.

Na hapa yanipasa kurudi kwa wasimulizi wa Mishamo, kwa sababu mhakiki asiyemhoji mnyonge humdharau. Simulizi lao ni la watu waliodhulumiwa, na kila kifo walichokihesabu kilikuwa kifo. Lakini nguzo ya kati ya simulizi hilo ni ile ile nguzo ya Kivu: kwamba yuko mwenyeji wa asili, na yuko mgeni kutoka kaskazini aliyeingia kwa hila, naye hana haki. Mtu aliyeitwa mkimbizi katika nchi ya watu alijiliwaza kwa kumwita mwingine mgeni katika nchi yake. Bibi Malkki aliliona hili na kulieleza kwa upole. Mimi ningelisema kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 1992, tarehe 22 Novemba, Léon Mugesera alihutubia huko Kabaya, Rwanda, akawaambia wasikilizaji kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti. Hotuba ile ilitumia hadithi ya asili ambayo wasimulizi wengi wasio na ubaya walikwisha kuizungumza jioni, kando ya moto, kama historia.

Wala tusijifariji kwamba haya ni ya Kirundi na Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili kilitoa neno lake katika Bonde la Ufa. Madoadoa ni neno la chui na la kanga, neno la uzuri. Wanasiasa wa Kenya wa miaka ya 1990 waliligeuza kuwa jina la watu wa makabila mengine waliokaa katika ardhi isemwayo kuwa ya wengine, na madoa, kama kila mfua nguo ajuavyo, ni kitu cha kuondolewa. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa moto humo. Mwaka 2022 tume ya Kenya ya uwiano na utangamano wa taifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Mtu aweza kucheka orodha za maneno yaliyokatazwa, nami sizipendi sana. Lakini walioitunga walifanya kazi ambayo sisi wa vyuo tulipaswa kuifanya kwanza, yaani kuonyesha jinsi tamathali inavyotenda kazi.

Sasa naukumbuka utani. Mnyamwezi aliyeitwa mla panya na Mzaramo alimjibu, watu wakacheka, safari ikaendelea. Mkimbizi, mlowezi, madoadoa: haya ni maneno yasiyo na jibu. Hapana neno ambalo mtu wa Katumba angeweza kumrudishia karani wa kibali. Na Tippu Tip aliyejibu swali la asili yake kwa uongo aliaminiwa, kwa sababu aliyemwuliza alikuwa mnyonge wake. Tofauti ya vitabu vyetu viwili yote imo humo.

Liko jambo la kutenda, na haliwezi kungoja. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini alipovuka mpaka mwaka 1972 amepita sabini. Wako Katumba, wako Mishamo na Ulyankulu, na Kiswahili chao si kile cha vitabu vyetu: kina mizizi ya Kirundi, kina maneno ya Kiha na Kinyamwezi, kina lafudhi ambayo mtu wa Tabora huitambua mara moja, na mara nyingine ndiyo iliyomwuza mwenyewe katika kizuizi cha barabarani. Masimulizi yao yaandikwe kwa Kiswahili hicho hicho. Yasisanifishwe. Mhariri atakayebadili sentensi zao ili zifanane na za Unguja atakuwa amefanya tena kazi ya karani wa kibali. Whiteley hakumsahihisha Tippu Tip alipochanganya Kimrima na Kiunguja na maneno ya bara. Alimwacha aseme, akaweka maelezo pembeni. Wazee wa makazi wastahili angalau heshima ile ile aliyopewa mfanya biashara wa pembe. Na mwenye kuandika asiulize kwanza walikimbiaje, kwani hilo wameulizwa na kila ofisa tangu 1972. Aulize walivyofyeka, nani aliwaonyesha mti wa kuchongea mzinga, walinunua kwa nani mbegu ya kwanza, na Mkonongo au Mnyamwezi waliyemkuta aliwaita jina gani siku ile, kabla ya ofisi kuleta jina lake.